Taarifa za Watu Wetu ni Amana

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika)



Nimeombwa nizungumzie sheria na matumizi ya simu na intaneti katika kazi zetu za miradi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilitembelea familia moja katika mradi wetu wa kusomesha yatima. Nilimpiga picha binti wa darasa la tano akiwa na bibi yake mbele ya nyumba. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika jina lake, kijiji chake na kwamba wazazi wake walifariki kwa UKIMWI. Taarifa ilikwenda kwa wafadhili. Niliituma pia kwenye kundi la WhatsApp la kamati, ili wajumbe waone kazi inavyokwenda.

Haikupita wiki mbili, picha ile ilikuwa kwenye simu za vijana wa bodaboda pale sokoni. Mjumbe mmoja alimtumia ndugu yake, naye akamtumia mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Shuleni watoto walianza kumkwepa yule binti, wakikataa kukaa naye dawati moja. Bibi yake alikuja ofisini kwa miguu, akaniambia, "Mwanangu, ada mmetulipia, tunashukuru. Lakini siri yetu mmempa nani?" Sikuwa na jibu. Niliifuta picha kwenye simu yangu, lakini kwenye simu za watu wengine sikuwa na uwezo. Binti alipoteza muhula mzima kabla hajahamishiwa shule nyingine.

Ndugu zangu, wakati ule wengi wetu tulidhani jambo hili ni la adabu tu. Lakini tayari Ibara ya 16 ya Katiba yetu ililinda faragha ya mtu, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ililinda siri ya hali ya afya ya mtu. Baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo pia Tume ya kuisimamia, na mwananchi aliyekosewa anaweza kupeleka malalamiko yake huko.

Sheria hii inatugusa katika mambo manne.

Kwanza, tunapoandika jina, namba ya simu au hali ya mtu kwenye daftari au kompyuta, tunakusanya taarifa binafsi. Mhusika ana haki ya kujua tunazikusanya kwa ajili gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa.

Pili, taarifa za afya na taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida zinahitaji ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote.

Tatu, taarifa iliyokusanywa kwa kazi moja isitumike kwa kazi nyingine. Orodha ya wanaopata mbegu za msaada si orodha ya kuwatumia watu ujumbe wa harambee.

Nne, kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Wenzetu wa Ulaya nao wanabanwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kwa hiyo tukiwaambia wafadhili kwamba jina fulani hatutalitoa, wataelewa.

Lakini naomba tusiishie kwenye fomu. Mama anayesubiri ada ya mwanawe, ukimpa karatasi aweke dole gumba, atakataaje? Anaogopa kwamba akikataa picha, msaada nao utakwenda. Sahihi ya namna hiyo ina wino, lakini haina hiari. Kabla ya kuomba ridhaa, tumwambie mtu waziwazi kwamba akikataa, atapata msaada uleule. Kisha tumpe nafasi ya kukataa, na tusimnunie.

Ninaomba kila kamati ikubaliane haya kabla ya mkutano ujao:

1. Jina, picha na ugonjwa wa mtu visikae pamoja katika taarifa moja. Picha ya darasa au ya shamba inatosha kuonyesha kazi.
2. Orodha za wanufaika zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp. Zikae kwa katibu, kwenye kabati lenye kufuli au kompyuta yenye nywila.
3. Mjumbe anayemaliza muda wake akabidhi orodha na kufuta alizonazo kwenye simu yake.
4. Kabla ya kusambaza ujumbe wowote kuhusu mtu, tujiulize kama tungeusoma kwa sauti mbele yake. Kusema "nimeutuma kama nilivyoupokea" hakumwondolei mtu lawama.

Kwa wafadhili wetu, nawaomba uvumilivu. Mtapokea picha chache zenye nyuso za watoto, na simulizi zisizo na majina. Hesabu za fedha, idadi ya wanaosoma na matokeo yao mtaendelea kuvipata kamili. Mkitaka kuona zaidi, karibuni mtutembelee, muulize wenyewe kwa heshima, na mwenye nyumba ataamua awaeleze nini.

Bibi yule bado namwona sharikani. Hunisalimia vizuri. Sijawahi tena kumwomba picha.