Gunia Lililofunguliwa

Tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa limekwisha kusikika, na wenye mbwa wameshaambiwa wawapeleke wapi. Kuhusu chakula cha mbwa haohao hakuna aliyetamka lolote. Tangu Serikali ya Tanzania itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba za ukuta na geti zimeongezeka mjini humo, na mbwa wa ulinzi nao. Wengi hulishwa kwa kilo: muuzaji hufungua gunia, huchota kwa kopo, hupima kwenye mizani na kumfungia mteja kwenye mfuko mtupu. Lebo hubaki dukani.

Mbwa huhitaji maji, protini, mafuta, madini na vitamini. Protini hujengwa na asidi amino, na kumi kati yake mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea za kutosha. Sharti zitoke kwenye chakula. Ugali humshibisha, lakini mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Dagaa huziba pengo hilo na huleta kalsiamu, hivyo anayechanganya dagaa kwenye ugali wa mbwa anafanya jambo la maana. Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mtoto wa mbwa anayekuzwa kwa chakula hicho huota matege.

Paka ni habari nyingine. Yeye lazima apate taurini, ambayo haimo kwenye nafaka, na vitamini A iliyo tayari, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuitengeneza kutokana na mboga. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini hudhoofisha misuli ya moyo wa paka. Watengenezaji wakaongeza kiasi chake. Lakini chakula cha kupima hakisemi ni cha paka au cha mbwa. Punje zinafanana. Lebo iko dukani.

Anayeisoma lebo aanze na swali moja: ni lishe kamili au ya nyongeza, na ya mnyama wa umri gani? Kisha orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ana maji mengi, kwa hiyo anaweza kuongoza orodha ilhali punje zenyewe, zikishakauka, ni mahindi zaidi.

Asilimia nazo humdanganya asiyeondoa maji kwenye hesabu. Chakula cha kopo chenye protini asilimia 10 na unyevu asilimia 78 kinaonekana hafifu mbele ya punje kavu zenye protini asilimia 26 na unyevu asilimia 10. Maji yakitolewa, kopo lina protini asilimia 45 hivi, na punje 29. Tena protini hiyo huitwa ghafi kwa sababu maabara hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, bila kujua naitrojeni imetoka wapi. Mwaka 2007 viungo kutoka China vilivyotiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, viliingia kwenye vyakula vya mbwa na paka Marekani; vipimo vya protini vikapendeza, figo za wanyama zikaharibika. Lebo haikuwaokoa, ni kweli. Hata hivyo, mifuko ilirudishwa kwa kufuata majina na tarehe zilizochapishwa juu yake. Aliyepimiwa kilo mbili angeangalia nini?

Swali hilo ni zito zaidi kwa mikoa ya kati. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika upesi na sumu hiyo, na mwishoni mwa 2005 mbwa kadhaa walikufa Marekani kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu ambayo familia imeyakataa hayamfai mbwa, na gunia linalokaa wazi dukani wiki baada ya wiki huvuta unyevu, ukungu na panya.

Basi mwenye mbwa asikubali kufungiwa mfuko mtupu! Asiyemudu gunia zima achangiane na majirani, walifungue pamoja, na kila mmoja aondoke na picha ya lebo kwenye simu. Muuzaji atoe kopi za lebo hiyo na kutia moja katika kila mfuko anaopima. Gharama yake ni ndogo. Maofisa mifugo wa kata, wanapopita na sindano za chanjo, waingie na madukani wakague magunia yaliyo wazi. Na muuzaji asiyetaka kuonyesha gunia alilochotea, mteja amwachie kilo zake.