Pumzi na Hofu: Kuwafunza Vijana wa Saikolojia Kuwahudumia Wagonjwa wa Mapafu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Tukuyu)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Baadhi yenu mnajua kwamba ninawafunza vijana waliosoma saikolojia vyuoni, wanapokuja hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Najua pia kwamba wengi wakisikia neno saikolojia hufikiri habari za wendawazimu tu. Leo nitazungumza juu ya mapafu, na mtaona mwenyewe wapi mambo haya mawili yanakutana.

Ugonjwa sugu wa mapafu ni ule usiopona ukaisha. Njia za hewa zimebana, au pafu limebaki na makovu, na mgonjwa anaishi na kuhema mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa uliua watu wapatao milioni 3.5 katika mwaka 2021. Katika wale wanaokufa kwa ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 9 katika kila 10 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu.

Wenyeji wa Rungwe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta sababu. Huku kwetu mvua ni nyingi na baridi ni kali, kwa hiyo moto huwashwa ndani na mlango hufungwa. Mama zetu wameinama juu ya mafiga tangu utotoni, na moshi wa kuni mbichi wameuvuta kuliko mvuta sigara yeyote. Baba na babu zetu nao walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Copperbelt, na wengine Afrika Kusini kwa Wenela, mpaka Serikali ya uhuru ilipokomesha uandikishaji huo. Vumbi la mawe ya migodi huchoma mapafu, tena humfungulia mlango kifua kikuu. Na kifua kikuu chenyewe, hata kikitibiwa kikapona, huweza kuacha makovu. Ndiyo maana watafiti wa Mbeya, pamoja na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, walianza mwaka 2017 kuwafuatilia watu waliotibiwa kifua kikuu, waone maisha yao yanakuwaje baada ya dawa.

Sasa nieleze saikolojia inaingia wapi. Mtu akikosa pumzi huogopa, nani asiyeogopa? Akiogopa huhema haraka haraka. Akihema haraka, hewa ya zamani haipati nafasi ya kutoka katika njia zilizobana. Hubaki ndani, kifua kikajaa, na hewa mpya ikakosa mahali pa kuingia. Pumzi inazidi kukatika, na hofu inazidi kupanda. Hapo kuna duara. Baada ya hayo mgonjwa huacha kupanda mlima kwenda kanisani, huacha kwenda msibani, huacha shamba. Miguu isiyotembea hulegea, na miguu iliyolegea hudai pumzi nyingi zaidi. Mwisho anakaa kitandani kama mtu aliyekwisha kufa, na majirani wananong'ona kwamba ana kifua kikuu au amerogwa. Dawa ya kuvuta ni ya lazima, lakini peke yake haiwezi kumtoa mtu huyo ndani.

Vijana wanapofika kwangu nawafundisha mambo manne.

La kwanza, wajue ugonjwa kwa miili yao. Wale wenye afya nzuri huwapa mrija mwembamba, wabane pua, wapumue kwa mrija huo huku wakitembea polepole kwa dakika moja. Akisikia kizunguzungu aache. Baada ya hapo hakuna kijana atakayemwambia mgonjwa, "Usiogope, ni mawazo tu."

La pili, wajue mpaka wao. Mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sentensi, midomo imekuwa ya buluu, au amechanganyikiwa ghafula, huyo ni wa daktari, na ni wa sasa hivi. Mwanasaikolojia anayeiita kila pumzi fupi kuwa ni hofu ni mtu wa hatari.

La tatu, wasikilize kabla ya kufundisha. Wazee wengi wa huku husema mambo ya moyoni kwa Kinyakyusa, na hawatayasema mbele ya kijana mwenye karatasi ya maswali na haraka ya basi la Mbeya. Kijana anakaa, anaamkia kama inavyopasa, anangoja. Mgonjwa wa pumzi husema maneno machache kisha hupumzika, asikatizwe. Mara nyingi jambo zito huja baada ya kimya. Mama mmoja anaweza kukwambia kwamba anaificha dawa yake ya kuvuta, maana wakwe wakiiona watasema ni mtu wa kufa.

La nne, wafundishe vitu vidogo vinavyofanyika nyumbani. Kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobinywa, kama mtu anayepoza uji. Kukaa umeinama mbele, viwiko juu ya magoti. Kupepewa usoni kwa kipande cha boksi, ambako huleta nafuu. Kugawa safari ya kwenda sokoni kwa vituo, na kupumzika kabla ya kuchoka. Kisha kila wiki kuongeza hatua chache, na kuziandika.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi na kupewa mafunzo mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, wakaweza kutembea mbali zaidi na kuishi vizuri zaidi. Kule Harare, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kukaa kwenye benchi na wenye huzuni na kuwasaidia kutatua matatizo yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye shida yetu. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha saikolojia ya tiba mpaka shahada ya uzamili. Lakini kijana akimaliza mafunzo hutazama mahali penye ajira, na mahali hapo huwa mjini mkubwa. Mgonjwa wetu hawezi kumfuata. Kupanda basi tu kumemshinda. Kwa hiyo namwambia kila kijana: kabla hujaondoka, mwachie muuguzi mmoja na mhudumu wa afya wa kijiji yale mambo manne. Ukiondoka nayo, hukuja.

Nanyi nawaomba matatu. Mlio katika halmashauri, teteeni nafasi ya mwanasaikolojia katika hospitali ya wilaya. Mlio na uwezo, jengeni jiko la mama lenye bomba la moshi kabla ya kupaka rangi sebule. Na sisi sote, tukimwona mzee amekaa ndani mwezi mzima kwa sababu ya kifua, tusimhesabu amekwisha. Tumpeleke Makandana akapimwe, kisha tumtembeze hatua kumi, kesho kumi na mbili.