Picha za Kale na Nasaba za Jamaa Zetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Griftu)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya kazi ya kukusanya picha za kale, kwa sababu wako wanachama waliouliza, nao wameuliza kwa haki, kwa nini chama cha ustawi, ambacho kazi yake ni karo za watoto, maziko, na misaada wakati wa ukame, kijishughulishe na vipande vya karatasi vilivyochakaa. Tutajibu kadiri tuwezavyo, kisha tutaweka mbele yenu mambo yanayohitaji idhini ya mkutano huu.

Huko Uingereza, hata katika mji mdogo usio na sifa yoyote, wenyeji wana desturi ya kukusanya picha za barabara zao za zamani: duka la mwoka mikate, mkokoteni wa farasi, watoto waliosimama kandoni wakimkodolea macho mpiga picha. Huzitazama pamoja, na mmoja husema, "Yule mlangoni ni bibi yangu." Kazi hiyo ni nyepesi kwao. Wapiga picha walipita kila mahali mapema sana. Bwana mmoja, Francis Frith, alianzisha kampuni mwaka 1860, nayo ikapiga picha za miji na vijiji vya nchi ile karibu vyote ili kuziuza. Tena tangu 1841 serikali yao, ilipohesabu watu, iliandika jina la kila mtu katika kila nyumba, na vitabu vile hufunguliwa baada ya miaka 100. Vya 1921 vilifunguliwa mwaka 2022. Basi mwenye picha ya barabara hutafuta nyumba katika kitabu, akapata majina ya waliolala humo.

Sisi hatukurithi vitabu vya namna hiyo. Wajir ilifanywa kituo cha serikali ya Waingereza mwaka 1912, na kwa miaka mingi nchi yetu yote ya kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, asiyeweza kuingia mgeni wala kutoka mwenyeji bila ruhusa. Kamera ilifika mkononi mwa Bwana DC, au ofisa wa jeshi, au msafiri mwenye kibali; na bwana yule aliporudi kwao, picha zilirudi pamoja naye. Ndiyo sababu mtu atafutaye nyuso za babu zetu huambiwa aangalie ng'ambo. Ziko picha za Kenya katika hifadhi ya taifa ya Waingereza huko Kew. Ziko Bristol, ambako hifadhi ya mji ilipokea mali ya jumba la makumbusho ya himaya lililofungwa. Na ziko Oxford, katika Makumbusho ya Pitt Rivers, yenye negativu zipatazo 38,000 za msafiri Wilfred Thesiger, aliyefika Kenya ya kaskazini tangu 1960 na akakaa Kenya miaka mingi kabla ya kufa mwaka 2003. Mambo haya si siri, na nyingi za picha hizo zaweza kutazamwa hata kwa simu. Lakini aghalabu maandishi yaliyo chini yake hutaja kabila, mahali na mwaka, basi. Ngamia huandikwa kuwa ngamia, kisima huandikwa kuwa kisima, na mtu naye huandikwa kuwa Msomali.

Picha ambazo watu wetu walipigwa kwa hiari yao ni nyingine kabisa. Mfanyabiashara wa mifugo aliyefika Mombasa aliweza kuingia studio ya Parekh, akavaa koti, akasimama wima mbele ya pazia. Aliyefika Lamu alimkuta Omar Said Bakor, fundi aliyejifundisha mwenyewe. Picha kama hizo zilirudi nyumbani ndani ya Kurani, au chini ya sanduku la bati, na hazikuwa nyingi.

Nazo zikapungua. Wazee wanaujua moto wa Bulla Kartasi huko Garissa, Novemba 1980, uitwao Garissa Gubai hata leo, na nyumba zilizochomwa mjini Wajir mnamo Februari 1984. Moto hauchagui kati ya mkeka na cheti cha ndoa. Tena kwa miaka 28, tangu Desemba 1963 hadi Novemba 1991, jimbo letu lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na katika siku zile mtu mwenye kamera barabarani alikuwa akijitafutia maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Kwa hiyo kila picha iliyovuka miaka ile ikiwa nzima ilivuka kwa sababu kuna mtu, aghalabu mwanamke, aliyeibeba.

Sasa tuseme jinsi picha isiyo na maandishi inavyopata jina. Mwingereza huanzia karatasini. Sisi twaanzia ulimini. Mtoto wetu hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu baba zake mmoja baada ya mwingine, kabla hajajua kushika kalamu, na mzee aliyeihifadhi vema huweza kumweka mtu mahali pake kwa dalili ndogo sana. Tulishuhudia jambo hilo katika picha moja ya visima. Nyuso zilikuwa zimefifia hata hazitambulikani, na sisi makarani tulikuwa tumekwisha kuiweka kando. Wazee wawili waliokuwa wamekuja kwa shughuli nyingine wakaichukua, wakaanza kusoma shingo za ngamia. Sumad, ile chapa ya moto, ilionekana wazi juu ya ngamia wawili; kwa chapa wakapata ukoo, kwa ukoo wakapata zamu ya kunywesha, na kwa zamu wakawapata wanaume watatu waliokuwa na haki ya kusimama kwenye kisima kile.

Picha nyingine ililetwa na mama mmoja mjane. Ni wanaume watatu mbele ya duka la mabati. Mmoja ni mumewe, aliyechukuliwa tarehe 10 Februari 1984, siku wanaume walipokusanywa na askari kutoka Wajir na vijiji vya jirani wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57 waliokufa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema walikaribia 1,000. Mume wa mama huyu hakurudi, wala karatasi zake. Watoto wake wadogo hawakumjua baba ila kwa picha hiyo.

Wale wanaume wawili wengine mama hakuwafahamu. Tulimpelekea picha mzee mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na maduka yale zamani. Aliomba isogezwe mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akaanza kwa jina la mwenye duka, akataja na deni alilokuwa akimdai, na kutoka dukani akatujia nje kwa wale watu. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori, naye pia alichukuliwa siku ile. Binti yake anaishi Isiolo. Tulipompigia simu, hakuomba picha kwanza. Aliuliza kama baba yake alikuwa mrefu. Tulimweleza kwamba amemzidi mwenzake kwa kichwa kizima. Nakala ilipelekwa Isiolo mkononi mwa mwanachama wetu, na hakuna fedha ya chama iliyotumika ila bei ya kuichapa.

Tungependa akina mama walisikilize jambo lifuatalo. Abtirsi huhesabu baba. Mwanamke wa Kisomali hubaki na jina la baba yake hata akiolewa, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini katika hesabu ya wajukuu jina lake halimo. Muulizeni kijana yeyote hapa jina la babu wa babu yake, atalitaja bila kusita. Kisha mwulizeni jina la mama wa bibi yake. Kwa upande wa mama zetu, picha na wazee walio hai ndiyo karibu daftari peke yake tuliyo nayo, na daftari hiyo inafungwa ukurasa mmoja kila tunapokwenda mazikoni.

Tumesikia pingamizi, nazo hatuzidharau. Wako wazee wasiopenda picha za watu kwa ajili ya dini. Hilo ni la masheikh, si la karani, na kwa ajili yao tumefungua daftari ya majina matupu: mtu aweza kuleta nasaba yake yote, ya baba na ya mama, asilete uso hata mmoja. Wako wengine wasiotaka picha za mama zao zitazamwe na kila mpita njia. Wana haki. Picha hizo zitatiwa katika bahasha iliyofungwa yenye jina la mwenyewe, na hazitafunguliwa ila kwa idhini yake.

Pingamizi kubwa zaidi ni la hofu. Wazee wanakumbuka uchunguzi wa mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipotakiwa wathibitishe uraia wao na kupewa kadi za pekee, na wanakumbuka jinsi vijana wetu walivyosimamishwa mbele ya kamati kila walipoomba kitambulisho, wakaulizwa babu zao. Ni kweli kwamba tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa uchunguzi ule wa ziada katika kaunti za mpakani. Lakini mtu aliyeulizwa babu yake kwa miaka 30 hasahau kwa sahihi moja, na mzee akituuliza, "Je, daftari hii itasomwa na nani?" anauliza swali la akili. Jibu la halmashauri ni kwamba daftari haitoki Griftu, na nakala haitapewa ofisi yoyote, ya serikali au ya shirika, bila ruhusa ya mwenye picha. Nasi twaongeza kwa upande wetu: picha si cheti, asije mtu akadhani kwamba sura ya babu itamfungulia mlango wa ofisi. Faida yake ni kutuongoza kwa shahidi aliye hai.

Tuwatajie na ugomvi, msije mkausikia nje. Iko picha moja ambayo jamaa mbili zaigombania, kila moja ikidai kwamba mwenye kilemba ni babu yao. Tumeandika majina yote mawili, pamoja na majina ya mashahidi wa kila upande. Karani si kadhi.

Kuhusu utunzaji: andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kuitia doa usoni. Msibandike kwa gundi wala kwa utepe. Wekeni ndani ya bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hufungia joto na jasho, na sanduku liinuliwe juu ya mawe kwa ajili ya mchwa. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ndizo za kuharakishwa. Zinageuka nyekundu zenyewe hata zikikaa gizani. Nakala ya simu ipigwe kivulini, bila mwanga wa simu, na upande wa nyuma upigwe pia, maana muhuri wa studio hutuambia mji na mara nyingine mwaka.

Twaomba mkutano ukubali kwamba picha yenyewe ibaki kwa mwenyewe sikuzote, na chama kichukue nakala tu. Kwamba funguo za kabati ziwe mbili, moja kwa Mwekahazina na moja kwa mama atakayechaguliwa leo na akina mama wenyewe. Na kwamba vijana wawili waliomaliza shule walipwe nauli ya kuwafikia wazee wasioweza kutembea, wakianza na wale wa mbali.

Meza ya chama iko wazi kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Asiye na picha lakini ana macho na kumbukumbu naye aje, kwani iko bahasha nzima ambayo nyuso zake hazijapata majina.