Kabla ya Kuukata Mtini

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C (Luka 13:1-9)



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya leo ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa kwa amri ya Pilato. Naye anawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anakataa katakata kwamba marehemu hao walikuwa wakosefu kuliko wengine, kisha anawageuzia waulizaji wenyewe mwito wa toba. Katika sehemu ya pili anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja, ili kwanza auchimbulie pembeni na kuutilia mbolea.

Kwa muda mrefu tulizisoma sehemu hizi mbili bila kuona zinavyoshikana. Kilichotufumbua macho ni gari la parokia. Mtuwie radhi basi tukiwasimulia asubuhi hii habari za springi na grisi. Bwana wetu naye alifundisha kwa chachu, kwa nyavu na kwa jembe.

Parokia ile i katika milima ya kusini mwa Tanzania, kwenye nchi ya ukungu na viazi, na siku zile barabara zake zilikuwa bado za udongo. Gari lilikuwa pikapu iliyokwisha kuzeeka. Lilibeba wagonjwa, saruji, magunia ya mahindi, makatekista na vitabu vyao. Siku moja likaanza kulia. Haukuwa mlio mkubwa. Lilipopita polepole juu ya vijiwe au kishimo kidogo, lilisema ko, ko, kama mtu abishaye hodi kwa kidole kimoja. Likifika pazuri, lilinyamaza.

Kila aliyepanda alikuwa na maoni yake. Mwalimu wa kwaya, aliyeketi nyuma, aliapa kwamba mlio ulitoka chini ya kiti chake. Katekista alisema ni mlango. Sisi tulisema ni mbele, upande wa kulia. Na kila mmoja alisema kwa uhakika kamili, kwa maana alisikia kwa masikio yake. Hatukujua kwamba chuma husafirisha sauti. Kinachogonga mahali pamoja husikika mahali pengine, kwa sababu chesisi nzima huupokea mtikisiko na kuupeleka mbali. Sikio hutuambia kweli kwamba pana kasoro, lakini mara nyingi hutudanganya juu ya mahali ilipo.

Tukalipeleka gari gereji. Likainuliwa kwa jeki, magurudumu yakining'inia, fundi akayatikisa, asione ulegevu wowote. Akasema ni shokapu. Zikanunuliwa shokapu mpya nne kwa fedha ambazo waumini walizitoa katika shukrani ya mavuno. Gari likatoka, likafika kwenye mawe ya kwanza, likasema ko, ko. Tukarudi. Zikabadilishwa bushi za stabilaiza. Ko, ko. Fedha ikaisha na mlio ukabaki.

Hapo ndipo tulipotenda kosa letu. Kwa kuwa hatukuweza kuipata kasoro katika gari, tuliitafuta katika mtu. Maneno yakaanza kusemwa kwamba dereva anakimbiza gari, kwamba usiku anapakia viazi vya watu kwa ujira wake. Hakuna aliyeona. Lakini neno lililosemwa na watu watatu lilionekana kwetu kuwa na mashahidi watatu. Tukakaa kikao, tukamwita, tukamwomba funguo. Alikuwa ameitumikia parokia miaka 9. Aliziweka funguo mezani, akaweka na daftari la safari juu yake, akasema, “Baba, gari litazungumza lenyewe.” Akaenda zake.

Dereva mpya alikuwa kijana mchangamfu. Naye alipata dawa yake ya ule mlio: aliongeza sauti ya redio. Ndugu wasikilizaji, tukiri kwamba dawa ile ilitufaa. Kwa majuma kadhaa tulisafiri kwa raha, tukisikiliza kwaya, na pengine hata mahubiri kama haya. Mlio ulikuwepo, ila hatukuusikia, nasi tukaanza kudhani umepona.

Kisha akaja kututembelea mzee mmoja fundi, mstaafu, aliyekuwa amezeeka katika karakana. Tulipomsimulia, hakugusa spana. Aliuliza maswali. Unalia asubuhi kukiwa na baridi, au hata mchana? Gari likiwa tupu, au limejaa? Dereva akikanyaga breki kidogo, unakoma? Usukani ukikatwa, unabadilika? Hatukuwa na majibu. Tulikuwa tumeusikia mlio ule kwa miezi, wala hatukuwa tumeusikiliza hata siku moja.

Ndipo akaanza kazi, na alianza na vitu visivyogharimu senti. Alitoa garini kila kilichoweza kugonga: jeki, spana, tairi la akiba, madumu. Akasema, “Tusilaumu mifupa kabla hatujakung'uta mifuko.” Tukaendesha, mlio bado. Tukakanyaga breki polepole juu ya mawe. Mlio haukukoma, naye hakuona sababu ya kuzihangaisha breki kwanza. Alifanya jambo moja kwa wakati, akasikiliza, ndipo akafanya la pili. Hakubadilisha viwili kwa pamoja, ili ajue kilichosaidia ni kipi.

Mwisho akafika kwenye miguu ya mbele. Hapa, wapendwa, sikilizeni vizuri, kwa maana ndipo lilipo fumbo lenyewe. Katika gari lile springi ya mbele ilikaa juu ya mkono wa chini, ule ulioshika gurudumu kwa boljointi. Gereji walikuwa wameweka jeki chini ya chesisi, mkono ukaning'inia. Lakini springi haipumziki kwa sababu gari limeinuliwa hivyo. Yaendelea kuusukuma mkono, na kwa kuusukuma huibana ile boljointi isicheze. Iliyolegea huonekana imekaza. Mzee aliihamisha jeki, akaiweka chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, akainua. Sasa springi ilibebwa na jeki, na boljointi ikatuliwa mzigo wake. Akapitisha mtaimbo chini ya tairi la kushoto, akanyanyua kidogo tu. Ko.

Tuliinama sote. Mpira unaofunika boljointi ulikuwa umepasuka, ufa usiozidi urefu wa ukucha. Kwa ufa ule maji na vumbi viliingia, grisi ikatoka, chuma kikasagana na chuma. Mzee alitazama, akatuuliza gari lina safari gani. Tukamwambia kwamba siku tatu baadaye litateremka bondeni na watoto 11 wa Kipaimara. Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba kiungo kile kikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna tena la kufanya. Watoto walipanda lori la jirani. Kiungo kipya kilipopatikana, bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya shokapu moja kati ya zile nne.

Usiku ule tulilifungua daftari la safari lililokuwa limelala mezani miezi mitatu. Kwa mwandiko wa dereva wetu wa zamani tulisoma mara tatu, katika tarehe tatu mbalimbali, maneno yale yale: mguu wa mbele kushoto unagonga, uangaliwe. Alikuwa amesema. Tena alikuwa ametaja na upande. Nasi tulikuwa tumelipokea daftari kutoka mkononi mwake bila kulifungua.

Tulikwenda nyumbani kwake. Tulimwomba msamaha mbele ya mkewe na wanawe. Dominika iliyofuata tulirudia kanisani, maana lawama iliyotolewa hadharani haitoshi kufutwa chumbani. Alitusamehe, akatupikia viazi, tukala pamoja. Lakini kazini hakurudi. Alikuwa amekwisha kuajiriwa kwenye lori la mbao, mbali na familia yake. Hili twalisema ili tusijidanganye. Msamaha huponya, lakini haurudishi nyuma miezi aliyolala mtu mbali na watoto wake kwa kosa lisilokuwa lake. Tuliukata mtini kabla ya kuuchimbulia.

Sasa tuitazame Injili tena. Wale waliomjia Yesu walikuwa wamesikia mlio: damu imemwagika, mnara umeanguka, watu wamekufa. Na upesi wakatafuta ni nani mwenye dhambi kubwa zaidi. Ni tabia yetu sote. Mtoto akifeli shule, baba amlaumu mama, mama amlaumu mwalimu. Jumuiya ndogo ndogo ikipoa, lawama ni za mwenyekiti. Michango ikipungua, ni mweka hazina. Twabadilisha mwenyekiti, twabadilisha mweka hazina, na mlio wabaki, kwa sababu twabadilisha watu mahali pa kuitafuta kasoro. Yesu anauliza swali jingine: na wewe je? Na mtunza shamba anatuonyesha njia: chimba kwanza. Piga magoti, shika udongo, utazame mzizi. Mti ukikatwa haufundishi tena kitu.

Kutokana na gari lile, wapendwa, tuchukue mambo matatu kwa Kwaresima hii.

Kwanza, tusiongeze sauti ya redio. Kila mmoja wetu ana namna yake ya kuuzima mlio: mwingine kwa pombe, mwingine kwa kazi nyingi, mwingine kwa simu isiyotoka mkononi, na mwingine, Mungu atusamehe, kwa sala ndefu na shughuli za kanisa ambazo zamwepusha kuzungumza na mkewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mlio mdogo ni rehema. Ni kasoro inayobisha hodi ikingali na muda.

Pili, tuulize kabla ya kuhukumu, na tuanze na mifuko yetu. Huenda kigongacho ni kitu chetu wenyewe tulichokiacha kikizurura. Na kabla ya kumwondoa mtu katika nafasi yake, tufungue daftari lake. Makatekista, wazee wa kanisa, wazazi: ni nani amekwisha kutuambia, mara mbili au tatu, kwa sauti ya unyenyekevu, nasi hatukumsoma?

Tatu, tuinuliwe mahali panapostahili. Mzigo huficha ulegevu. Mtu aliyebanwa na shughuli huonekana imara. Hachezi, hatetereki, kwa sababu springi yamsukuma toka alfajiri mpaka usiku. Tena mara nyingi kiungo kinacholika upesi ni kile kinachobeba uzito. Ndiyo sababu Mungu alitupa siku ya mapumziko, na Kanisa likatupa mafungo na kitubio. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wafuasi wake kutafiti dhamiri kila siku, yaani kusimama kidogo na kuipitia siku yao mbele za Mungu. Mungu hatuinui ili tuning'inie mbele za watu. Anaweka mkono wake chini kabisa, pale penye uzito, anatutua mzigo, ndipo anauliza kwa upole: hapa je? Na pale tunapolia, hapo ndipo pa kupona.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, baba na mama waizime redio, hata yetu, wakae dakika chache kimya. Kila mmoja amwulize mwenzake: kuna jambo gani umenieleza nisilisikie? Asijitetee. Asikilize tu. Na ikiwa yupo mtu tuliyempokonya funguo bila haki, tusingoje Pasaka. Tumwendee juma hili.

Tuombe. Ee Bwana, mtunza shamba mvumilivu, asante kwa mwaka mmoja zaidi unaotuombea. Tupe masikio ya kusikia kabla hatujavunjika, na moyo wa kutafuta kasoro bila kumponda ndugu. Uwafariji wote walaumiwao bure, uwarudishe salama nyumbani kwao. Utuchimbulie, ututilie mbolea, utupe kuzaa matunda kwa wakati wake. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.