Bomba la Moshi Si la Kutupa Moshi Tu

Ndugu Mwenyekiti na ndugu zangu wafanyakazi wa reli,

Nimetakiwa nizungumze juu ya mabomba ya moshi, kwa kuwa ndugu wengi hapa Embu wamenunua Subaru na Probox kwa akiba yao, na mafundi wawaambia: "Kata salensa, weka bomba pana, gari litapata nguvu." Fedha hizo ni jasho la miezi mingi. Sikilizeni kwanza.

Sisi watu wa reli ilitupasa kulijua jambo hili mapema. Nendeni Makumbusho ya Reli, Nairobi, mkaitazame "Mount Gelai", namba 5918, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester. Uzito wake ni tani 252. Mvuke ukiisha kusukuma pistoni haukutupwa bure. Ulipitishwa katika tundu jembamba chini ya dohani, ukatoka kwa kasi, ukavuta moshi wa tanuri, na hewa mpya ikaingia motoni. Tundu likiwa jembamba mno, mvuke ulizuia pistoni; likiwa pana mno, moto ulilegea. Kwa sababu hiyo baadaye injini hizo zilitiwa dohani ya Giesl, mhandisi wa Austria, yenye matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja.

Injini ya petroli ina mambo kama hayo. Vali ya moshi ikifunguka, pigo la moshi wa moto hukimbia bombani zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapopanuka, hurudi pigo la kuvuta. Hilo likiifikia vali kabla haijafungwa, nayo vali ya kuingizia imekwisha anza kufunguka, hunyonya moshi uliosalia na kukaribisha hewa na petroli mpya. Likichelewa, faida imepotea.

Basi urefu wa bomba la kila silinda ni kipimo, si urembo. Mabomba mafupi yafaa gari la mashindano lenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Wewe wapanda kutoka daraja la Nithi kwenda Meru, gari limejaa, mizunguko 2,500. Bomba pana mno hupunguza mwendo wa moshi, na gari huzidi kuwa zito pale pale unapotaka nguvu.

Penye tabo, fundi asema kweli kidogo. Tabo huzungushwa na moshi, na bomba pana baada yake huisaidia. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 kwa Subaru Impreza yenye tabo. Lakini ule mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana si nguvu. Watokana na mabomba ya pande mbili za injini kutolingana urefu. Subaru walipoyasawazisha katika magari mengine, mngurumo ulikwisha na nguvu ikabaki.

Tena angalieni kiungo kilichochomelewa vibaya. Moshi una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Ikiingia ndani ya gari madirisha yamefungwa, abiria husinzia wasiamke.

Kabla ya kulipa, pandeni kilima kimoja kwa gia moja na mzigo mmoja, mkipima kwa saa. Bomba jipya likiisha kufungwa, pandeni tena kilima kile kile, fundi akiwa ndani ya gari.

Sasa niko tayari kwa maswali.