Safu ya Safari: Akiba na Umri Kaptembwo



Nimeombwa nizungumze juu ya kustaafu mapema, na sina budi kuanza na hesabu. Mwaka 1994, mshauri wa fedha wa California, William Bengen, alichunguza hisa na hati fungani za Marekani za miaka mingi. Aliona kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akakipandisha kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, akiba itamtosha miaka 30. Waliomfuata wakafupisha: kusanya matumizi ya mwaka mara 25, halafu uache kazi. Nyumba inayotumia shilingi 30,000 kwa mwezi itahitaji milioni 9.

Sasa mchukueni fundi wa jua kali anayeweka shilingi 20 kila siku, kiwango cha mpango wa pensheni wa Mbao uliobuniwa kwa ajili ya watu wa kazi yake. Kwa mwaka ni 7,300. Kwa miaka 30, tukiacha faida kando, ni 219,000. Nyumba ile ile itazimaliza kwa miezi saba na siku chache. Aliyeajiriwa naye hakuwa na nafuu kubwa. Hadi Februari 2023, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilimkata 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200, awe anafagia kiwanda au anakisimamia. Leo ni asilimia 6 kila upande, na ninashukuru, lakini wazazi wetu walizeekea kwenye zile 200.

Ndiyo maana pensheni ya mtaa wetu wa Kaptembwo, Nakuru, ni ploti: vyumba vya kupangisha, safu mbili zikitazamana, kamba za nguo katikati, choo kule mwisho.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na alijenga chumba kimoja kimoja. Mabati aliyanunua matatu leo, mawili mwezi ujao, akayaegemeza ukutani nyuma ya kitanda changu. Usiku nikijigeuza, kiwiko kikiyagusa, nyumba nzima inaamka. Kutoka kwetu hadi ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru ni mwendo wa miguu, na baba alikuwa na ahadi moja: "Chumba hiki kikiisha, nitawapeleka mkaone flamingo." Kilipoisha, msingi wa kingine ulikuwa umeshachimbwa. Vilifika kumi.

Simlaumu. Kodi ya vyumba vile ndiyo iliyonilipia karo, na bila mabati yale nisingesimama hapa mbele yenu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa lilianza kupanda. Maji yakameza lango la zamani na barabara za kandokando. Chumvi ilipopungua majini, ule mwani wanaoula heroe, ndio hao flamingo, nao ukapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Mimi nilikuwa mtu mzima, na baba alikuwa na mtoto wa jicho.

Tunasema akiba haiozi. Kwa pesa ni sawa, ingawa hata hizo hutafunwa na kupanda kwa bei. Umri wa miaka tisa hauwekwi akiba. Magoti ya kupandia Mlima Menengai hayawekwi. Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kuahirisha jambo, ulizeni kama lenyewe litangoja. Chumba cha kumi na moja kitangoja. Mtoto anayetaka kuona ndege leo, mwakani atakuwa anataka simu.

Wala sisemi ponda mali. Nimekaa na wazee wanaosubiri shilingi 2,000 za Inua Jamii, ruzuku ya serikali, kila mwezi, na hizo huanza mtu akitimiza miaka 70. Kijana akikosa, ataamka alfajiri kutafuta kibarua. Mzee akikosa, anamtazama mjukuu. Atakayewaambia mle zote leo hajawahi kukaa kwenye kiti cha mzee huyo.

Kuna waliolifikiria jambo hili vizuri. NSSF ina mpango wa Haba Haba, shilingi 25 kwa siku, na ukiweka miaka mitano bila kukatiza unaruhusiwa kuchukua nusu. Ni kama 22,800, na nusu nyingine inabaki ikikungoja. Aliyeuandika mpango huo alijua kwamba mtu hawezi kufungiwa maisha yake kabatini kwa miaka 30.

Lakini mwalimu wangu mkuu katika somo hili ni chama cha mama. Daftari lao lilikuwa na safu tatu: mzunguko, mkopo, msiba. Siku moja mwanachama mmoja, muuza mboga, aliweka kalamu mezani akasema, "Tumeweka pesa za kuzikana, hatujaweka za kutembea pamoja." Walibishana wiki tatu. Mwekahazina aliona ni ubadhirifu. Mwishowe wakapiga mstari wa nne kwa rula: safari, shilingi 50 kwa wiki. Safu nyingine haikuguswa hata moja. Kwa mwaka, kila mama alikuwa na 2,600, nauli na chakula cha watu wawili.

Desemba wakakodi matatu. Mama alimchukua baba, nami nikajilipia. Tukavuka ikweta pale Mogotio, baba akiwa kiti cha dirishani, mikono juu ya bakora. Bogoria alishuka taratibu, akasimama ukingoni, akaisikia ile kelele ya ndege kabla sijamwambia lolote. Alikodoa macho. Aliniambia anaona wekundu tu, kama kanga iliyoanikwa mbali.

Akaniuliza wako wangapi. Nikamwambia hawahesabiki.

"Jaribu," akasema.

Nikaanza kuhesabu.