Mke Ng'ambo ya Daraja



Pale Rusumo, mto Kagera hutenganisha Tanzania na Rwanda. Mume na mke wake wa pili wakivuka daraja hilo hawabadiliki sura wala majina. Kinachobadilika ni sheria inayowatazama. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Katiba ya Rwanda haitambui ndoa ya wake wengi, hata ikiwa imefungwa nje ya nchi hiyo.

Je, mwandishi wa habari amwiteje mama huyo? Wako wanaokimbilia neno "hawara". Huko ni kutoa hukumu bila ya kuwa hakimu. Mama huyo ni mke halali kwa sheria ya Tanzania, ambaye ndoa yake haitambuliwi na sheria ya Rwanda. Maneno ni mengi kidogo, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Kwa upande wa Kenya jambo ni gumu zaidi, nalo linawahusu walioishi pamoja bila cheti. Nchini Tanzania, kifungu cha 160 cha sheria hiyo ya 1971 chasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, watahesabiwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba dhana ya namna hiyo itumike kwa nadra sana.

Ndugu askari, mambo haya si ya waandishi peke yao. Askari hupangiwa vituo vya mipakani, na huko huanzisha nyumba. Akifariki, gazeti huwafikia ndugu zake kabla ya karatasi ya mahakama, na mama aliyeitwa hawara gazetini huweza kufukuzwa matangani siku hiyo hiyo, watoto wakiwa mgongoni. Na neno lenyewe mwandishi aliliokota wapi? Mara nyingi kituoni, katika taarifa ya polisi.

Basi taarifa hiyo na itaje ndoa ilifungwa wapi, lini, na kwa sheria ya nchi gani. Ikiwa hayo hayajajulikana, iandikwe tu: "mwanamke aliyekuwa akiishi na marehemu".